Kengele Ililia

Jina la Mama Breki hakupewa na mume wala mtoto, alipewa na wanafunzi. Gari la kufundishia udereva huwa na pedali za mwanafunzi upande wa usukani na pedali nyingine, klachi na breki, miguuni pa mwalimu, ili mwanafunzi akitaka kuua watu mwalimu amzuie. Walimu wengine pale shule ya udereva walikuwa mabingwa wa kupiga kelele. Breki waliikumbuka baadaye. Mama Breki hakuwa na kelele. Kabla hujajua kwamba umekosea, gari limeshasimama, na mama wa watu anatazama dirishani kana kwamba hayumo.

Chini ya dashibodi ya gari lake kulikuwa na kengele, kidude kidogo chenye mlio wa kukera masikio. Mwalimu akikanyaga pedali yake yoyote, kengele inalia. Iliwekwa kwa ajili ya siku ya mtihani, ili mtahini aliyekaa kiti cha nyuma ajue kama mtu anaendesha au anaendeshewa. Lakini Mama Breki aliigeuza somo la kwanza kabisa. Alikuwa ameona wanafunzi wengi wakibabaika, wao wanakanyaga mafuta, yeye anakanyaga breki, gari linalia kama mbuzi anayevutwa huku na huku. Kwa hiyo aliwaambia: “Ukisikia kengele, ondoa miguu yote miwili. Usibishane na mimi. Kengele ikilia, gari ni langu.”

Wakazoea. Wakazoea hata kuuliza kabla ya kila jambo la hatari, mlima, mzunguko, kurudi nyuma: “Mguu upo?” Naye hujibu bila kugeuka: “Upo.” Basi mwanafunzi anashusha pumzi na kuendelea. Watu wengi mjini leo wanaendesha magari yao kwa raha kwa sababu ya neno hilo moja.

Tatizo ni kwamba mguu wenyewe ulikuwa umeanza kumtoroka.

Hakujua ulianza lini. Alichojua ni kwamba siku moja alivua soksi aoge, akahisi bado amezivaa. Akatazama chini, alikuwa peku. Mara ndala zikaanza kumvuka njiani, akatembea hatua kadhaa bila habari, mpaka jirani ampigie kelele kwamba ameacha kiatu nyuma. Mguu wa kulia haukumuuma, na hilo ndilo lililomtia hofu. Maumivu angeyatafutia dawa. Huu ulikuwa ukimya, na ukimya wa mguu aliujua, maana aliuona kwa mama yake mzazi.

Mama yake alikanyaga msumari akaenda nao sokoni, akazunguka nao akinunua vitunguu, akarudi nao nyumbani ukiwa umepenya kwenye kandambili mpaka kwenye nyama, na hakujua mpaka alipojaribu kuvua kiatu kikakataa. Kilikuwa kisukari. Madaktari walianza kukata kidole, wakaja kwenye unyayo, wakaishia chini ya goti. Sasa bibi huyo alikuwa anaishi na Mama Breki, anakaa karibu na dirisha na mkongojo wake, na kila asubuhi alikuwa na ombi lile lile.

“Leta miguu niione.”

“Nachelewa, mama.”

“Kuitazama miguu kunachelewesha nini? Kapime basi.”

“Nitakwenda.”

Hakwenda. Kwa akili yake, asipopima alikuwa na mguu mchovu tu; akipima angekuwa na ugonjwa. Na mwalimu wa udereva asiye na mguu wa kulia ni kama mpishi asiye na ulimi. Nani atampa gari? Kazi hiyo ndiyo iliyomtunza tangu mumewe afariki. Shule ilikuwa ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu mwema lakini mwoga wa hasara, na Mama Breki alijua angemwonea huruma sana siku anamwondoa. Basi akajitia hamnazo. Akaacha viatu vigumu, akanunua raba za kitambaa zenye soli nyembamba kama chapati, ili ahisi pedali. Zilipoacha kumsaidia, akaanza kutumia macho. Mwanafunzi akiuliza kama mguu upo, yeye anatupa jicho chini haraka, anauona uko wapi, ndipo anajibu. Hakuna aliyegundua. Lakini usingizi wake ulikuwa umepungua.

Jumapili moja asubuhi alikuwa na fundi cherehani.

Fundi alikuwa mwanamke mpole mwenye kanda ya kupimia shingoni hata siku za mapumziko, na pini zimechomekwa kwenye kola kama medali. Alikuwa amechelewa kujifunza kuendesha, na shida yake ilikuwa moja tu: mguu wake ulikuwa umelelewa na cherehani. Akiona pedali anataka kuipiga piga. “Gari si cherehani, fundi,” Mama Breki alimwambia tangu siku ya kwanza. “Ukikanyaga, kanyaga, utulie.” Fundi alicheka, akajirekebisha, akatulia. Mtihani wake ulikuwa wiki hiyo. Mume wake alikuwa amemwambia mbele ya watoto kwamba akigonga hata ndoo, basi mambo ya magari yaishe.

Walikuwa kwenye maegesho ya duka kubwa, ambayo Jumapili asubuhi huwa karibu matupu. Uwanja wenyewe unateremka, kutoka mlangoni pa duka hadi ukuta wa chini. Mishale meupe imechorwa sakafuni kuonyesha magari yapite wapi, na mlinzi mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta, anapigwa na jua la asubuhi na kusinzia kwa heshima.

“Leo tunarudi nyuma kwa kushuka,” Mama Breki alisema. “Ingiza gari kati ya mistari ile miwili. Polepole.”

Fundi akaweka rivasi, akatazama kioo cha kushoto, cha kulia, cha kati, akageuza shingo.

“Mguu upo?”

Mama Breki akatupa jicho chini. Raba ilikuwa mbele ya pedali. “Upo.”

Gari likaanza kushuka taratibu, vizuri kabisa. Ndipo pikapu iliyojaa magodoro ikaingia kwa geti la chini, kinyume na mshale, ikakata kona na kusimama nyuma yao. Fundi akaiona kwenye kioo. Akakanyaga breki, na gari likaanza kusimama.

Mama Breki naye aliiona. Mazoea ya miaka hayasubiri kufikiri. Mguu wake ulikwenda wenyewe, na macho yake yalikuwa kwenye pikapu, hayakuwa chini. Kengele ikalia.

Fundi akaondoa miguu yote miwili.

Gari halikusimama. Liliserereka nyuma kama limefunguliwa kamba, na Mama Breki akazidi kukandamiza mguu mpaka goti likanyooka, kengele inalia, gari linakwenda, anakandamiza, linakwenda. Mkono wake ndio uliokuja kumwokoa. Alivuta breki ya mkono wakati ule ule kishindo kinasikika, na vioo vikamwagika.

Kengele ilikuwa bado inalia. Mama Breki akainua mguu, nayo ikanyamaza.

Hakuna aliyeumia, au ndivyo walivyodhani. Bampa la gari la shule lilikuwa limebonyea, na taa kubwa ya mbele ya pikapu imepasuka na vigae vya kioo kutawanyika chini. Mwenye pikapu alishuka. Alikuwa muuza magodoro, mtu mnene mwenye sauti ya kuuzia mnadani.

“Mimi nimesimama,” alisema. “Nimesimama, nimetulia, na bado mmenifuata. Mngenikosa wapi? Mimi na magodoro yote haya sionekani?”

“Umepita kinyume na mshale, ndugu,” Mama Breki akajibu. Alilizunguka gari kuangalia bampa, akapita juu ya vioo, akarudi, akapita tena. “Mshale huo hapo. Ungefuata mshale usingekuwa hapa.”

“Mshale gani? Hiyo ni chokaa tu imemwagika.”

“Chokaa imemwagika ikachora mshale?”

“Hata kama ni mshale. Gari lililosimama halina kosa. Muulize yeyote.”

Yeyote aliyekuwepo alikuwa mlinzi, na alikuwa ameshafika, usingizi wote umemruka. Alikuwa na furaha ya mtu ambaye hatimaye kuna jambo limetokea zamu yake.

“Mimi nimeona,” alisema. “Taa zao za breki ziliwaka. Halafu zikazima. Halafu ndiyo gari likaja.”

“Zilizima?” muuza magodoro akauliza.

“Zilizima. Nilikuwa nazitazama mimi. Nikasema moyoni, mbona hawa wameachia?”

“Mzee, ulikuwa umelala,” Mama Breki akasema.

“Nilikuwa nimefumba jicho moja, mama. Jingine liko kazini.”

Muuza magodoro akataka ushahidi. Fundi akaambiwa akae kwenye usukani akanyage breki yake, na wanaume wawili wakasimama nyuma. Taa zikawaka. Kisha mlinzi akasema, kwa adabu, “Na ya kwako, mama.”

Mama Breki akaketi kwenye kiti chake. Akatazama chini. Akaupeleka mguu kwa macho, kama mtu anayeingiza uzi kwenye sindano, mpaka raba ikakaa juu ya breki, akakanyaga. Kengele ikalia. Taa zikawaka.

“Zinafanya kazi zote,” mlinzi akatangaza.

Mama Breki akautoa mguu kwenye pedali. Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Kengele ililia, kwa hiyo alikanyaga pedali. Taa zilizima, kwa hiyo haikuwa breki. Mguu wake ulikuwa umekwenda kwenye klachi, ukaikandamiza kwa nguvu zote, ukaliachia gari mteremkoni, na haukumwambia.

“Sasa nani aliachia breki?” muuza magodoro akauliza.

“Mimi,” fundi akasema.

Alikuwa amesimama kando ya mlango, mikono imekunjwa kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. “Nilikuwa nimeshika breki. Kengele ikalia, nikaondoa miguu. Mwalimu ndivyo alivyonifundisha. Kengele ikilia, gari ni lake.”

Muuza magodoro akacheka kwa kukosa la kufanya. “Unafundishwa kuachia breki wakati unagonga mtu?”

Wote wakamtazama Mama Breki. Wakati huo huo simu yake ikaita, na alishukuru kwa simu ile kuliko alivyowahi kushukuru kwa mshahara. Ilikuwa ya shemeji yake. Mfanyakazi mmoja wa dukani aliyefundishwa shuleni kwao alikuwa ameshapeleka habari.

“Kuna aliyeumia?” shemeji akauliza.

“Hakuna.”

“Afadhali. Kengele ililia?”

“Ililia.”

“Basi wewe ulikuwa umeshika. Kosa ni la mwanafunzi, mguu wake ulikwenda kwenye mafuta. Hilo liko wazi. Au kuna jambo lingine, shemeji?”

Lilikuwa swali la kawaida, lakini lilimpa nafasi. Mama Breki aliiona nafasi ile, pana kama geti. Akamwona pia mama yake karibu na dirisha, na mahali ambapo mguu wa mama yake unaishia, na kitambaa kilichokunjwa vizuri chini ya goti. Hofu ikamfanyia uamuzi.

“Hakuna lingine,” akasema. Akakata simu, akawageukia wale watu. “Alibabaika. Ana mguu wa cherehani huyu, huwa unapiga piga pedali. Nimemwambia kila siku.”

Alingoja fundi abishe. Angalau angebisha, wakagombana, angepata hasira ya kuegemea. Lakini fundi hakubisha. Aliutazama mguu wake mwenyewe kwa muda, akaugeuza kidogo, kana kwamba ni wa mtu mwingine.

“Labda,” akasema. “Nilidhani nimeuondoa. Labda niligusa mafuta bila kujua.” Kisha, kwa sauti ya chini: “Mume wangu alisema.”

Mama Breki hakuweza kumtazama. Alijua vizuri mno maana ya kutouamini mguu wako, na sasa alikuwa amempa mwenzake ugonjwa huo, mtu mwenye miguu mizima miwili.

“Nani kaumia hapa?” mlinzi akauliza.

Alikuwa ameinama, anaelekeza rungu lake chini. Kwenye sakafu kulikuwa na tone la damu, bichi, linang'aa. Mbele yake jingine. Muuza magodoro akajipapasa kichwa na viwiko, akatazama viganja vyake pande zote mbili. Mlinzi akajitazama pia, ingawa hakuwa hata karibu. Fundi akainua sketi kidogo akachungulia magoti.

“Hebu geuka nikuone,” Mama Breki akamwambia fundi. Akamshika mabega, akamgeuza, akamkagua shingo, mikono, vifundo vya miguu. “Huna kitu wewe. Itakuwa huyu ndugu. Ndugu, tazama vizuri, ulisimama karibu na vioo.”

Akazunguka nyuma ya gari kutafuta, kwa sababu kama kuna mtu kaumia kwenye gari lake alitaka kumjua. Akarudi. “Damu imefika mpaka huku,” akasema. “Mbona iko kila mahali?”

Wenzake walikuwa wameacha kujikagua. Walikuwa wanatazama sakafu mahali alipotoka, kisha mahali aliposimama. Madoa yalizunguka gari mara moja, yakazunguka tena, yakaenda mlangoni, yakarudi, na kati yake kulikuwa na alama za soli ya raba, mistari mistari, zilizochapwa vizuri kwa damu. Mlinzi akavua kofia, sijui kwa nini.

“Mama,” akasema. “Ni wewe.”

Alikalishwa kwenye kiti chake, ubavu, miguu nje ya mlango. Alisema ni mchubuko tu. Alisema hata hauumi, akasikia maneno hayo yanavyotoka kinywani, akanyamaza. Raba ya kulia ilikuwa imelowa mpaka kwenye kamba. Fundi akapiga magoti, akaivua taratibu, naye Mama Breki akaona uso wa fundi unabadilika.

Kigae cha taa ya pikapu kilikuwa kimepenya ile soli nyembamba na kuingia katikati ya unyayo. Raba ilipovuka, kigae kilibaki mguuni. Alikuwa ametembea nacho muda wote wa ubishi, akibishania mishale.

“Kipo ndani, mwalimu,” fundi akasema. “Nitakitoa. Nina mkono mwepesi, lakini kitauma. Shika kiti.”

Mama Breki akashika kiti kwa mikono yote miwili. Akageuza uso, akaikazia macho pikapu na magodoro yake yenye maua, akauma meno, akasubiri. Alisubiri maumivu kwa hamu ambayo hajawahi kuwa nayo kwa kitu kingine. Alisema moyoni, yaje, yaje hata yaniue, nitapiga ukelele watu watoke dukani. Akasubiri. Fundi alikuwa anachelewa.

“Anza basi,” akasema.

“Nimeshakitoa, mwalimu.”

Alipogeuka, kigae kilikuwa kwenye kiganja cha fundi, kirefu kama kipande cha kidole, na fundi alikuwa ameshaanza kufunga unyayo kwa kipande cha bitana alichokitoa mkobani. Alikuwa anakaza fundo. Mama Breki aliona vidole vikikaza, aliona kitambaa kikibana nyama. Aliona tu.

Hapo hofu ilimshika kweli, si ile ya kuchungulia chini kwa siri bali ile ya mtu aliyefika mwisho wa njia. Alimwona mama yake anavua kandambili iliyokataa kuvuka. Alitaka mtu amwambie kwamba si hivyo, na aliowazunguka walikuwa fundi cherehani, muuza magodoro na mlinzi, na hakuna aliyemwambia.

“Fundi,” akasema. “Hukugusa mafuta. Uliondoa miguu kama nilivyokufundisha. Mimi ndiye niliyekanyaga klachi.”

“Mwalimu, tuyaache hayo sasa.”

“Hatuyaachi. Nilidhani ni breki. Mguu huu hausikii, una miezi hausikii, nami nilijua. Nimekaa hapa kila siku nawaambia watu upo.” Akamtazama muuza magodoro. “Umesikia, ndugu? Huyu alikuwa ameshasimamisha gari. Angeniacha mimi, asinisikilize, taa yako ingekuwa nzima.”

Muuza magodoro, ambaye dakika chache nyuma angeweza kupeleka kesi mpaka ng'ambo, alikuwa anakuna shingo. “Kusema kweli mshale niliuona,” akasema. “Ni njia ya mkato tu. Huwa napita.”

“Na mimi huwa namwona anapita,” mlinzi akasema. “Kazi yangu ni kumzuia. Lakini huwa nimefumba lile jicho.”

Basi lawama ambayo kila mtu alikuwa anaisukuma kama gari bovu, sasa kila mtu akawa anaivuta kwake. Siku nyingine Mama Breki angecheka mpaka machozi. Alimpigia shemeji yake, akamwambia maneno machache yaliyonyooka. Shemeji akasema, “Nenda hospitali kwanza.” Lile neno “kwanza” Mama Breki alilisikia vizuri.

“Nitaita teksi,” alisema.

“Ya nini?” fundi akauliza. “Gari lipo.”

“Nani ataendesha?”

Fundi alikwenda akaketi kwenye usukani, akarekebisha kioo, akafunga mkanda. Mama Breki akainua miguu yote miwili akaikunja juu ya kiti, mbali na pedali, kama mtoto anayeogopa panya, na kiganja akakiweka juu ya breki ya mkono. Mlinzi akawafungulia geti. Muuza magodoro akasogeza pikapu yake na safari hii akafuata mshale.

Alikuwa amekaa kiti kile miaka mingi, lakini hakuwahi kuiona barabara namna ile. Kila gari lililokuja mbele lilikuwa linawajia wao. Kila mtu aliyevuka alivuka ghafla. Goti lake lilijikaza kutaka kukanyaga, na yeye akalishika kwa mkono likae. Fundi aliendesha polepole, midomo inatembea bila sauti, na hakupiga piga pedali hata mara moja.

Hospitali iko chini ya mteremko mrefu. Kutoka juu waliliona geti lake, limefungwa, na foleni fupi ya watu wamesimama kando na bahasha zao. Gari likaanza kushika kasi. Fundi akakaza mikono kwenye usukani, macho mbele, na kwa mazoea tu, bila kufikiri, akauliza:

“Mguu upo?”

Mama Breki akatazama chini. Pedali zake mbili zilikuwa pale, zimeng'aa kwa kukanyagwa, na sakafu mbele yake ilikuwa tupu.

“Haupo,” akasema. “Kanyaga mwenyewe.”

Fundi akakanyaga, akatulia. Kengele haikulia. Gari likapunguza mwendo, likapunguza tena, likasimama mbele ya geti bila kutikisika, na askari wa geti akaja akainama dirishani. Aliona gari la mafunzo, bampa limebonyea, wanawake wawili wanahema, mmoja na pini kwenye kola na damu mikononi.

“Mgonjwa ni nani?” akauliza, akimtazama fundi.

“Ni mimi,” Mama Breki akasema.